Jedwali la Alama la Kanada: Maoni ya Msahihishaji

Nimefundisha sekondari kwa miaka 31, na katika miaka hiyo niliitwa mara nyingi kusahihisha mitihani ya taifa. Tulikuwa tukikaa katika madarasa ya shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo, kila mtu na kalamu yake nyekundu, na mbele yetu mwongozo mmoja wa kusahihishia. Mwaka mmoja, siku ya tatu ya kazi, iligundulika kwamba jibu la swali la sita katika mwongozo lilikuwa na kasoro. Kiongozi wetu hakusema tusahihishe yaliyobaki kwa mwongozo mpya na yaliyopita yabaki yalivyo. Alisema turudie yote, tangu karatasi ya kwanza. Tulinung'unika sana, maana jua lilikuwa kali na posho ilikuwa ndogo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba amri ile haikuwa ya haki.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kwa muda wa miaka miwili hivi nimekuwa nikisoma mwongozo mwingine wa kusahihishia, nao ni jedwali la alama ambalo serikali ya Kanada hulitumia kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi wanaotaka kuhamia huko moja kwa moja. Aliyeniletea ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, muuguzi mwenye shahada na uzoefu wa miaka saba wodini. Alikuja na karatasi alizochapisha, akaniamkia, akakaa, kisha akasema: "Mjomba, wewe ndiye mtu wa alama. Nisomee hizi, uniambie kama nimefaulu au nimefeli." Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Kabla sijalilaumu jedwali hili, ni wajibu wangu kulipa haki yake, maana asili yake ni njema. Sheria ya uhamiaji ya Kanada ya mwaka 1952 ilimruhusu waziri kumkataa mtu kwa sababu ya utaifa wake, kabila lake, au hata kwa kile kilichoitwa kutofaa kwa hali ya hewa ya nchi ile. Msomaji atajua mwenyewe ni watu wa rangi gani walioonekana kwamba hawataiweza baridi. Mwaka 1962 kanuni mpya, zilizoletwa na waziri Ellen Fairclough, ziliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo, na mwezi wa Oktoba 1967 likaja jedwali lenyewe. Jumla yake ilikuwa alama 100, na mtu alitakiwa kupata 50. Elimu ilikuwa na alama 20, mahitaji ya kazi yake 15, ustadi wake 10, umri 10, kazi iliyokwisha kupatikana 10, lugha za Kiingereza na Kifaransa 10, jamaa aliyeko huko 5, na nafasi za ajira mahali anapokwenda 5. Kwa mara ya kwanza nchi tajiri ya wazungu ilikuwa imeandika hadharani, kwa tarakimu, nini inachokitaka kwa mgeni, na rangi ya ngozi haikuwamo. Hilo si jambo dogo, na mtu anayesema alama ni ukatili mtupu hajui zilichukua nafasi ya kitu gani.

Lakini msomaji mwangalifu atakuwa amejumlisha na kuona kwamba tarakimu nilizozitaja hazifiki 100. Zinafika 85. Zile 15 zilizobaki ziliachwa mikononi mwa ofisa, naye alizitoa baada ya mahojiano, kwa jinsi alivyouona moyo wa kujituma wa mwombaji na uwezo wake wa kuzoea maisha mapya. Sisi wasahihishaji tunazijua alama za namna hii. Ndizo anazopewa mtoto wa mwandiko mzuri. Ofisa aliyekulia Ontario, akimtazama mtu aliyeinamisha macho kwa adabu alivyofunzwa kwao, aliona nini: heshima, au uzembe? Jedwali lilikuwa limeufunga mlango wa mbele wa upendeleo, na dirisha moja likabaki wazi.

Afrika Mashariki ililionja jedwali hilo mapema. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Kanada ilituma kundi la maofisa Kampala, likiongozwa na Roger Saint-Vincent. Walitumia jedwali hilohilo, ila waliruhusiwa kulilegeza kwa wale ambao lingewaacha nje. Zaidi ya watu 6,000 walikwenda Kanada kwa njia hiyo. Sisemi kwamba ilikuwa hisani tupu, maana wengi wao walikuwa watu wa biashara na taaluma ambao nchi yoyote ingewapokea. Nasema tu kwamba palikuwa na mtu nyuma ya meza mwenye ruhusa ya kusema: huyu alama zake hazitoshi, lakini aende. Hapo ndipo lile dirisha nililolisema lilipofaa.

Nitazipita upesi sheria za katikati nifike mwaka 2002, jedwali lilipoandikwa upya. Orodha ya kazi zinazotakiwa ikafutwa. Elimu ikapewa alama 25, lugha 24, uzoefu 21, umri 10, kazi iliyopatikana 10 na uwezo wa kuzoea 10, na huo uwezo wa kuzoea sasa ulipimwa kwa mambo yanayohesabika, kama vile kuwa na jamaa huko au kuwahi kusoma huko. Alama ya kufaulu iliwekwa 75, ikaonekana ni ya juu mno, na mwezi wa Septemba 2003 ikateremshwa hadi 67. Kwa maoni yangu huo ndio mtihani bora kabisa ambao Kanada imewahi kuutunga. Kila mtu aliweza kukaa chini ya taa yake Kisumu au Lubumbashi, akajisahihisha, akajua. Mwenye 67 amefaulu. Mwenye 66 hajafaulu, na anajua alama moja ataitafuta wapi.

Ubaya ni kwamba waliofaulu walikuwa wengi kuliko viti. Kufikia mwaka 2008 foleni ya wafanyakazi wenye ujuzi pamoja na familia zao ilikuwa imepita watu 600,000. Badala ya kuongeza viti au kutangaza kwamba mtihani umefungwa, serikali ilijipatia uwezo wa kisheria wa kuamua ni maombi yapi yashughulikiwe kwanza, na ya wale waliokuja nyuma yakatangulia. Kisha mwaka 2012, Jason Kenney akiwa waziri, Bunge likapitisha sheria iliyofuta maombi yaliyofika kabla ya tarehe 27 Februari 2008 na ambayo yalikuwa hayajaamuliwa. Yaliwahusu watu wapatao 280,000. Ada zao, ambazo jumla yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 130 za Kanada, zilirudishwa, na sheria yenyewe ikasema wazi: bila riba. Baadhi yao walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule kiongozi wetu wa usahihishaji. Hapa karatasi zilikusanywa, ada ikapokewa, watoto wakazaliwa na wengine wakavuka umri wakiwa katika foleni, na mwisho karatasi zikatupwa bila kusomwa. Sijali ada. Ninajali miaka. Mtu aliyetuma maombi akiwa na miaka 34 mwaka 2005 alirudishiwa fedha akiwa na 41, na fedha zile haziwezi kumnunulia tena ile miaka 34.

Na wala si Kanada peke yake. Uingereza nayo ilikuwa na mpango wa alama kwa wenye ujuzi wa juu, ulioanza mwaka 2002. Novemba 2006 masharti yalibadilishwa, na yakatumika hata kwa watu waliokwisha kuuza nyumba zao, wakahamia na kuanza kazi kwa masharti ya zamani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya huko ilisema kwamba haikuwa haki kuwafanyia hivyo. Ama huu mpango wa sasa wa Uingereza, ulioanza baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, jina lake tu ndilo la alama. Mtu hutakiwa kuwa na 70, lakini 50 kati ya hizo ni za lazima: kazi iliyopatikana, kiwango cha ujuzi wa kazi hiyo, na Kiingereza. Ukikosa moja umekosa zote. Huo ni mlango wenye kufuli tatu, na walioupaka rangi ya mtihani walikuwa wanawafurahisha wapiga kura.

Turudi Kanada, tufike mahali mpwa wangu alipokwama.

Tangu tarehe 1 Januari 2015 kuna majedwali mawili. La kwanza ni lile la zamani, la alama 100 na kufaulu kwa 67, lililorekebishwa mwaka 2013 ili lugha ipande hadi 28 na uzoefu ushuke hadi 15. Nililisahihisha la mpwa wangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea tu. Wakati huo alikuwa na miaka 33. Umri 12, shahada 21, lugha 23, uzoefu 15. Jumla 71. Nikamwambia: umefaulu. Akacheka, akanigeuzia ukurasa.

La pili lina alama 1,200 na halina alama ya kufaulu hata kidogo. Waliofaulu la kwanza huingizwa katika orodha na kupangwa kwa jedwali hili la pili, na kila baada ya siku kadhaa serikali hualika kundi la walio juu. Alama ya mwisho iliyoalikwa hutangazwa baadaye. Duru ya kwanza kabisa, tarehe 31 Januari 2015, iliishia 886. Tarehe 13 Februari 2021, wakati mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona na Kanada ikitaka kuwahi hesabu yake ya mwaka kwa kuwachukua watu waliokuwa tayari wana uzoefu wa kazi humo nchini, walialikwa watu 27,332 kwa mkupuo, na alama ya mwisho ikawa 75. Jedwali ni moja, 886 na 75! Watetezi wake husema linampima mtu kwa sifa zake. Mimi naona linampima kwa idadi ya viti na ya wenzake waliosimama mlangoni siku ile. Mtihani humwambia mtu anajua nini. Hii ni mashindano ya mbio, na mstari wa kumalizia huchorwa baada ya wakimbiaji kupita.

Mpwa wangu katika jedwali la pili alikuwa na 362. Duru ya kwanza ya kundi la afya, mwezi wa Juni 2023, ilikuwa imeishia 476.

Sasa nitazame kwa jicho la kazi yangu, maana hapa ndipo jedwali lilipo baya kiufundi, si kisiasa tu. Mpwa wangu alikuwa amefanya mtihani wa Kiingereza unaotakiwa, ambao ni lazima hata kwa mtu aliyesomeshwa uuguzi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na ambao matokeo yake hufa baada ya miaka miwili. Katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza alifika kiwango ambacho Kanada inakiita cha 9. Katika kuandika alipata 6.5, ilhali kiwango cha 9 kinataka 7. Kwa hiyo kuandika kwake kukahesabiwa kiwango cha 8. Nilidhani atapoteza alama chache, nane hivi. Kweli, alipoteza hizo nane. Lakini jedwali lina sehemu nyingine, inayozidisha thamani ya shahada na uzoefu wa mtu iwapo lugha yake imefika kiwango cha 9 katika stadi zote nne. Akikosa moja, amekosa zidisho lote. Kwa shahada angepata 25, akapata 13. Kwa miaka yake saba wodini angepata 50, akapata 25. Jumlisha mwenyewe: nusu alama katika barua moja na insha moja ya maneno 250 iligharimu alama 45.

Hakuna msahihishaji wa insha chini ya jua anayeweza kuapa kwamba anajua tofauti ya 6.5 na 7. Najua ninachokisema. Tulikuwa tukijaribiana, watu wawili insha moja, na tukitofautiana kwa alama moja katika kumi tulipeana mikono. Kukitundika kitu kizito namna hii kwenye tofauti ambayo hata mikono yetu iliyozoea haiishiki, ni kosa la utungaji. Mtoto wa kidato cha pili angelikosolewa kwa kosa kama hilo katika hesabu zake za maabara. Tena lililopunguzwa si Kiingereza chake. Kilichopunguzwa ni wodi. Zile zamu za usiku, wale wagonjwa, ile miaka, thamani yake ilishuka nusu kwa sababu ya insha.

Umri nao una sura yake. Mtu asiye na mwenzi hupata alama 110 kamili akiwa kati ya miaka 20 na 29. Akifika 33 ana 88, akifika 40 ana 50, 41 ana 39, 44 ana 6, na 45 hana kitu. Hesabu hujirekebisha yenyewe siku ya kuzaliwa. Mpwa wangu alipotimiza 34 nilimpigia simu kumpongeza kama ninavyofanya kila mwaka. "Asante, mjomba," akasema, "nimeshuka tano."

Lipo badiliko moja ninaloliunga mkono kwa moyo wote, ingawa najua liliwaumiza baadhi ya watu wakweli. Mwanzoni mtu aliyepata mwajiri mwenye kibali cha serikali alipewa alama 600, yaani nusu ya jedwali lote. Novemba 2016 zikashushwa hadi 50, au 200 kwa wakubwa wa mashirika. Tarehe 25 Machi 2025 zikaondolewa kabisa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia udanganyifu, maana barua za ajira zilikuwa zimegeuka bidhaa. Naamini. Hapa mjini kwetu alikuwapo wakala aliyekuwa akiziuza barua hizo, na mwenzake mpwa wangu mmoja alilipa fedha za kiwanja chake akapewa karatasi yenye muhuri wa kampuni ambayo haikuwahi kuwapo. Alama inayouzika si alama. Tulikuwa tukifutia matokeo shule nzima kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na Kifaransa je? Tangu mwaka 2023 Kanada hualika watu kwa makundi, na mojawapo ni la wenye Kifaransa. Hapo mstari wa mwisho umekuwa ukishuka chini ya 400 wakati duru za watu wote zilikuwa juu ya 500. Sababu yake ni ya ndani ya nchi ile: wanataka jamii za Wafaransa walioko nje ya Quebec zisimezwe. Sina ugomvi na hilo. Lakini litazame kutoka huku kwetu. Muuguzi wa Bukavu au wa Bujumbura na muuguzi wa Mwanza wanazungumza Kiswahili kilekile na wagonjwa wao, wanachoma sindano zilezile. Mmoja babu zake walitawaliwa na Wabelgiji, mwingine na Waingereza, na leo mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 unahesabiwa katika alama. Kiswahili, ambacho ndicho wote wawili wanachokitumia kumtuliza mama mwenye uchungu, ni sifuri kwa wote. Sisemi Kanada ikipe alama Kiswahili, hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Nasema tu kwamba neno "sifa za mtu" linatumika ovyo.

Nikiri jambo. Katika muda wote huu nilikuwa nikifanya hesabu hizi kwa bidii ya mtu anayetaka mtoto wake afaulu, na huku moyoni sitaki aende. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, nchi ambazo wengine wanaombwa wasizifuate kuajiri. Nimelisoma jedwali la Kanada juu hadi chini na sikuona mstari unaouliza anakotoka mtu huyu nani atabaki zamu. Nilimweleza dada yangu. Akanijibu kwamba mshahara wa binti yake nao hauna mstari huo, na kwamba mimi pensheni yangu ninaipokea kila mwezi. Sikuwa na la kujibu, na bado sina.

Mpwa wangu alirudia mtihani wa Kiingereza, akapata 7 katika kuandika. Alama zake zikapanda hadi 402, hesabu ikiwa imekwisha kupunguzwa ule mwaka mmoja. Bado ni chache kwa kundi la afya. Tulikaa tena na kalamu nyekundu, na jambo pekee tuliloliona linaweza kumwinua ni Kifaransa, ambacho akikifikisha kiwango cha 7 kitampa alama 62 na kumwingiza katika ule mlango wa chini ya 400. Mtaani kwetu yuko mama mmoja kutoka Bukavu anayeshona nguo. Mpwa wangu humlipa kwa saa, jioni akitoka zamu, wakikaa kando ya cherehani. Amefika somo la tisa. Mwezi wa Machi atatimiza 35, atashuka sita.